UZI: Sanduku la katuni za zamani. Fungua kila kitabu kabla hujataja bei

#1 Mkasi wa Nasser, Kampala

Wakuu, habari za masiku. Uzi huu niliuahidi tangu mwezi wa Ramadhani, nikawa naahirisha. Leo umeme umekatika, mashine zimelala, mvua imefunga mlango. Niandike.

Kazi yangu ni kukata na kujalidi karatasi hapa Nasser Road, huu mwaka wa kumi na saba. Katuni za zamani sikuzitafuta, zilinifuata. Mteja alileta rundo la Beano, katuni za watoto za Uingereza, za babake akitaka nizishone ziwe kitabu kimoja kinene. Nikamwambia bwana, nikizipitisha kwenye mashine nimeziua, kila moja itapoteza kingo, na bei itakwenda nazo. Akashangaa kusikia zina bei. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nabahatisha. Usiku ule nikaanza kusoma, na sijaacha. Siku hizi nanunua kwa watu binafsi: wastaafu, warithi, watu wanaohama nyumba. Kampala, Jinja, Mbale, mara moja hadi Arua.

Nianze na nilivyopigwa, maana ndiyo ada niliyolipia somo hili. Mbale, sanduku la bati, mwenyewe mzee mstaarabu, chai na mandazi mezani. Juu kabisa kulikuwa na Spider-Man na Fantastic Four za miaka ya 60, sita, safi mpaka moyo ukaruka. Chini yake rundo. Nikapitisha kidole kwenye migongo kama karani anayehesabu noti, nikajisemea zote zitakuwa hivi hivi. Nikatoa shilingi 900,000. Kufika nyumbani nikazifungua. Vitabu 112. Arobaini na kitu havina kurasa za katikati. Kumi na tisa vimetobolewa kwa mkasi, mtoto alikata picha akabandika ukutani. Na vingine 23, hapa ndipo aibu ilipo, kingo zilikuwa zimekatwa kwa mashine ili zionekane mpya. Mkata karatasi wa Nasser Road kauziwa karatasi iliyokatwa!

Yule mzee hakunidanganya. Yeye mwenyewe hakuwa amevifungua tangu anamaliza shule. Mjinga alikuwa mimi, nilitaja bei kabla ya kufungua.

Sasa ninavyofanya. Naomba meza, mwanga wa dirishani, na saa mbili. Mwenye mali akikataa saa mbili, naaga. Kitabu cha Kimarekani cha kuanzia miaka ya 50 mwishoni kwa kawaida kina kurasa 32 ndani, jalada mbali. Yaani karatasi 8 zilizokunjwa katikati, majani 16. Hesabu majani. Usiamini kwamba hadithi inaendelea vizuri, kwa sababu karatasi ya katikati ikitoka mara nyingi hadithi inaruka kidogo tu na jicho halioni. Kisha tazama pini. Pini za zamani zina kutu na kutu imeacha kivuli kwenye karatasi. Ukiona pini inang'aa ndani ya kitabu cha 1965, kuna mtu alikifungua akakifunga upya, jiulize alitoa nini au aliweka nini. Wengine huchukua jalada la kitabu kimoja wakalivisha kingine.

Kingo: kitabu ambacho hakijakatwa kina kingo zilizopauka sawasawa na jalada. Kilichokatwa kina ukingo mweupe, mkali, umenyooka kama wembe, huku jalada limezeeka. Kipime dhidi ya mwenzake wa mwaka ule ule.

Kwa matoleo ya Marvel ya 1974 hadi 1976, tafuta ukurasa wa barua. Walikuwa wanachapa humo stempu ndogo za kukata na kukusanya, na watoto walizikata kweli. Hulk nambari 181 ya Novemba 1974, ile ambayo Wolverine anatokea kwa mara ya kwanza kikamilifu, ina stempu hiyo. Ikiwa imekatwa, bei inaanguka vibaya sana hata kama jalada linang'aa kama kioo.

Nanusa pia. Msicheke. Karatasi hizi ni za bei rahisi, zina tindikali yake ndani, zikizeeka hunuka kama siki kidogo. Hiyo si mbaya sana. Harufu ya udongo wenye unyevu ndiyo mbaya, hiyo ni kuvu, na kuvu moja kwenye rundo inahamia kwa jirani. Sisi tulio karibu na ziwa tunaijua.

Bei nitaandika baadaye. Maswali karibuni.

#2 Binti wa Bombo

Asalaam aleikum. Kaka Mkasi, mimi niko upande wa pili, mimi ni muuzaji. Marehemu babu alikuwa karani wa reli, ameacha sanduku. Nimelitazama juu juu, kuna vijitabu vidogo vya vita, vingi, na vingine vya Phantom, yule shujaa wa msituni mwenye kinyago. Nataka kujua kama nivibebe Kampala au niwape watoto wa madrasa wasome.

#3 Kipimo cha Owino

Nyabo, usihangaike. Nakupa 500,000 kwa sanduku zima bila kuliona. Natuma mtu wa boda leo leo, pesa inaingia kwenye simu yako kabla hajaondoka.

#4 Mkasi wa Nasser, Kampala

Dada Binti, pole kwa msiba. Usiuze leo. Mtu anayetoa laki tano kwa sanduku asiloliona, ama ana pesa za kuchezea, ama anajua vitabu vya Phantom vya India viliuzwa sana huku kabla ya 1972. Vihesabu kwanza, uandike kila kimoja: jina, nambari, mwaka kama upo, bei iliyochapwa kwenye jalada. Usifute vumbi kwa kitambaa kibichi. Usibandike selotepu popote.

#5 Kipimo cha Owino

Mkasi unaniharibia kazi mchana kweupe. Nimesimama soko la Owino miaka ishirini. Mnunuzi hana wajibu wa kumfundisha muuzaji. Nikienda mnada wa ng'ombe nikaona ng'ombe ana mimba na mwenyewe hajui, nimwambie? Kujua ndiyo mtaji wangu. Na hasara nikipata, nani atanirudishia? Hao 112 wako wa Mbale, yule mzee alikurudishia?

#6 Mwana Mwanza

Jamani mimi nina kisa cha selotepu, ila changu ni kikubwa zaidi. Nilikuwa na magazeti ya katuni ya Sani, ya zamani, rafiki yangu mwenye steshenari akasema tuyalaminishe yasichakae. Majalada kumi na moja yamepita kwenye moto, gundi imeingia kwenye karatasi, hayatoki tena milele. Yanang'aa kama menyu ya mgahawa. Mkusanyaji mmoja wa Dar alipoyaona alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza kama nina watoto.

#7 Mkasi wa Nasser, Kampala

Mwanza, umenichekesha wateja wananitazama.

Kipimo, nakujibu kwa heshima maana swali lako ni la haki. Kujua ni mtaji, sikatai. Mimi sisimami mlangoni kwa mtu kutoa somo. Lakini akiniuliza "hiki kina thamani gani?" namwambia ninachokijua, halafu namwambia nitatoa ngapi na kwa nini ni pungufu. Mzee mmoja wa Entebbe nilimwonyesha kwenye simu yangu bei ambazo kitabu chake kimeuzwa nje, nikamwambia mimi natoa chini ya nusu kwa sababu hizi na hizi. Aliniuzia, na akanipeleka nyumba tatu za wastaafu wenzake. Ningempiga, angesikia kwa mpwa wake mwenye intaneti wiki ile ile, na milango ya Entebbe ingefungwa. Uganda ni ndogo kuliko Owino.

Na mzee wa Mbale hakuwa na deni kwangu. Ng'ombe nilimpapasa mimi, mkono haukufika tumboni.

Sasa bei, wengi mmenitumia ujumbe.

Kwanza sahau bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuandika kitabu dola 1,000 kikakaa miaka mitano bila mnunuzi. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, humo ndimo ukweli uliko. Minada mikubwa kama Heritage nayo inaweka kumbukumbu ya bei zilizolipwa. Overstreet, mwongozo wa bei wa Wamarekani unaotoka tangu 1970, ni mzuri kwa kujua nambari zipi zina uzito na kwa nini. Bei zake ni za watu wanaoishi huko.

Pili, hali. Wanatumia alama kuanzia 0.5 hadi 10. Kwa uzoefu wangu kitabu cha Uganda cha miaka ya 60 kinaangukia kati ya 1.5 na 4, mara chache 5. Kimepita mikononi mwa mabwenini, kimelala chini ya kitanda, kimekula masika na vuli hamsini. Sasa mtu anatazama bei ya nakala ya 9 anafikiri ni yake. Tofauti si ya asilimia, inaweza kuwa mara ishirini au zaidi.

Tatu, makato. Nakala ambayo nje itauzika dola 100 siwezi kuitolea zaidi ya 40 au 45. Soko la mtandaoni lina fungu lake, posta ina fungu lake, kubadilisha pesa kuna fungu lake, na kuna yule mnunuzi atakayesema kifurushi kimefika kimelowa. Hizo ni nakala zenye jina. Vitabu vya kawaida nanunua kwa fungu, 2,000 hadi 5,000 kimoja, na bado vingine vinanikalia.

Nne, pensi na senti. Vitabu vingi vya Marvel vilivyofika huku vilipitia Uingereza, vimeandikwa bei ya pensi. Si bandia. Vilichapwa Marekani kwenye mtambo ule ule, vikabadilishiwa bei tu. Hata hivyo wakusanyaji wa Marekani kwa kawaida huvilipia pungufu. Vingine vina bei ya senti na juu yake muhuri wa wino wa Thorpe & Porter wa Leicester, waliokuwa wanaviingiza Uingereza. Muhuri ule haunisumbui hata kidogo, naupenda, ila soko linautoza.

#8 Nkuba Kyeyo, zamani Boston sasa Ntinda

Mkasi, mimi nimerudi na makasha matatu marefu kutoka Marekani, nimeyalipia kontena. Nina X-Men nambari 1, majalada yote matano, kila moja kwenye mfuko wake, hayajafunguliwa. Niuze bei gani?

#9 Mkasi wa Nasser, Kampala

Ndugu, ni ya 1991 au ya 1963?

#10 Nkuba Kyeyo, zamani Boston sasa Ntinda

1991.

#11 Mkasi wa Nasser, Kampala

Banange. Kaa chini. Hiyo iliagizwa na maduka nakala zaidi ya milioni 8. Kila aliyenunua alifikiri kama wewe, akaiweka kwenye mfuko, akangoja. Hakuna iliyopotea. Zinauzwa dola chache, na posta ya kuirudisha Boston inazidi hapo. Waingereza nao wana ya kwao: Eagle nambari 1 ya Aprili 1950, watu wanaishika kama hati ya kiwanja, na ilichapwa kwa malaki, karibu laki tisa. Mwaka wa kwanza na nambari ya kwanza si kitu kama kila nyumba iliweka yake. Uliza ni ngapi zilizotupwa.

Wauzie vijana wa hapa wanaopenda kusoma. Kwa kusoma ni nzuri sana, michoro ya Jim Lee.

#12 Nkuba Kyeyo, zamani Boston sasa Ntinda

Kontena nililipia dola 300 sehemu yangu. Nakwenda kulala.

#13 Mtoto wa Eastlands, Nairobi

Mnazungumza Marvel, Marvel, na dhahabu yenu wenyewe mnaikanyaga. Nani ana African Film? Zile za Lance Spearman, tulizokuwa tunaita Spear tu. Zilitolewa na kampuni ya Drum miaka ya 60 hadi mwanzoni mwa 70, si michoro bali picha za watu halisi, hadithi imepangwa kwa picha na maneno. Jamaa na kofia yake, boutai, sigara, gari la Stingray, Mwafrika anayekamata majambazi bila kuomba ruhusa kwa mzungu. Baba yangu alikodisha nakala shuleni, kusoma usiku mmoja kwa senti hamsini! Kitabu kimoja kilisomwa na bweni zima mpaka kikawa nyuzi. Ndiyo maana hazipatikani. Maktaba za vyuo vya ng'ambo zinazitafuta, na watafiti, na sisi wenye ugonjwa. Hapa kwetu tafuteni pia Joe, gazeti la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilianza 1973. Na Pichadithi za huyo huyo Hirst.

Kwa Spear mimi sihesabu alama za 0.5 hadi 10. Ikiwa na jalada na imekamilika, nalipa. Ikiwa haina jalada lakini ndani imekamilika, bado nalipa.

#14 Mkasi wa Nasser, Kampala

Eastlands ameongea jambo zito kuliko yangu yote. Spear nimekutana nazo mara mbili tu, zote zilikuwa chini kabisa ya sanduku, zimetandikwa kama karatasi ya kuzuia vumbi. Mwenye nyumba aliniambia "hizo takataka acha tu". Ona sasa kwa nini nasema fungua mpaka chini.

Na niongeze kuhusu Uganda. Masanduku niliyoyaona yana shimo. Vitabu vinakuja vizuri mpaka 1971, 1972, halafu kimya, halafu vinaanza tena miaka ya 80 mwishoni. Wenye maduka ya vitabu wengi walikuwa Wahindi, walifukuzwa 1972, na baadaye pesa za kigeni za kuagizia katuni nani angezitoa wakati sukari yenyewe haipo? Kwa hiyo mtu akiniambia "babangu aliinunua Hulk hii Kampala Road mwaka 1974", simwiti mwongo, huenda ilipitia Nairobi, ila natoa kioo cha kukuzia.

#15 Mjukuu wa Main Street, Jinja

Mkasi umetaja 1972, niseme kidogo. Baba alikuwa na miaka kumi na moja. Siku 90, halafu ndege. Aliacha Jinja rundo la Indrajal, katuni zilizotolewa Bombay na wenye Times of India kuanzia 1964, za Phantom hasa. Sisi tumerudi, nyumba ilirudi, rundo halikurudi, na sikulitegemea lirudi. Lakini watoto wa wakati ule waliandika majina yao ndani, kwa kalamu ya wino, jina, darasa, wakati mwingine hata mtaa. Nikikuta jina kwenye kitabu nanunua bila kupatana.

Najua kwa mkusanyaji jina ni doa, linashusha alama. Kwangu kitabu kisicho na jina ni Phantom tu. Ombi langu: mkikuta majina, msiyafute kwa raba wala kwa dawa. Na msiyabandike mtandaoni yote, ni ya watu. Niambieni pembeni herufi za mwanzo na shule, nitauliza kwenye kundi la familia zetu. Wengi wako Leicester.

#16 Kipimo cha Owino

Hapa nimenyamaza. Nina nne zenye majina. Nilikuwa nimekwisha kufuta la tano. Nitakutumia.

#17 Mjukuu wa Main Street, Jinja

Asante mzee wangu. Nitakuja mwenyewe Owino.

#18 Fundi Simu, Mbarara

Samahani naingilia. Jirani yangu ana Action Comics nambari 1 ya 1938, Superman ameinua gari. Anataka milioni 50. Nimeona habari kwamba moja iliuzwa dola milioni 6. Nikope?

#19 Mkasi wa Nasser, Kampala

Iliuzwa kweli, Aprili 2024, milioni 6. Chukua rula. Kitabu cha 1938 kina urefu wa kama inchi 10 na robo. Chake kikiwa kikubwa kama gazeti, inchi 13 na nusu, ni kile ambacho DC wenyewe, wenye Superman, walikirudia 1974. Kilikuwa na jalada la nje lililosema wazi ni marudio. Watu wakalitoa la nje, la ndani likabaki linafanana na la asili, mpaka senti 10 zipo.

#20 Fundi Simu, Mbarara

13 na nusu. Rula imelala juu yake sasa hivi. Jirani amekasirika anasema rula ni ya Kichina.

#21 Mwana Mwanza

😂😂😂

#22 Mama Karatasi, Tororo

Niulize vya kawaida. Nimenunua rundo lina vijidudu vile vyembamba vinavyong'aa vinavyokimbia ukifungua. Na vingine vina ukungu mweupe. Na malipo mnafanyaje ili msije mkaitwa polisi?

#23 Mkasi wa Nasser, Kampala

Vijidudu: funga vitabu kwenye kaveera mbili (mifuko ya plastiki), hewa itoke, weka kwenye friza wiki mbili. Ukivitoa usifungue mpaka vifikie joto la chumba, la sivyo vitatoka jasho. Umeme ukikatika siku nzima anza kuhesabu upya. Ukungu: vitenganishe na vingine, vianike kivulini penye upepo, usianike juani, kisha upanguse kwa brashi laini nje ya nyumba, pua imefungwa. Kitabu chenye unyevu usikifunge kwenye kaveera kabisa, unakipikia kuvu. Kikishakauka, mfuko wa plastiki safi na kadi isiyo na tindikali nyuma yake. Kadi za hapa Nasser Road nyingi zina tindikali, nasema hivyo na mimi ndiye naziuza.

Malipo: mali ya urithi, nataka watu wawili wa familia wakubali mbele yangu. Karatasi moja, orodha ya vitabu, bei, sahihi, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akiwepo ni bora. Pesa kwa simu, iache alama. Nikiona muhuri wa maktaba au wa shule ndani na hakuna muhuri wa kuondolewa, sinunui hata kwa 500.

Na msinitumie ujumbe kuhusu kupeleka kila kitu CGC kikapewe alama na kufungiwa kwenye plastiki ngumu. Wako Florida. Kwenda na kurudi, bima na ada, kitabu chenyewe kisipozidi dola mia kadhaa umefanya kazi ya hisani kwa kampuni ya vifurushi.

#24 Binti wa Bombo

Kaka Mkasi, nimehesabu. Nimetumia siku mbili, mdogo wangu ameandika, mimi nafungua. Jumla 64.

Commando, vile vijitabu vya vita, 31, tisa hazina jalada. Indrajal 11, nne zina jina lile lile la mtoto na shule ya Jinja, nimekwisha kumwandikia Mjukuu pembeni. Vya Kimarekani 8, saba vina bei ya pensi, kimoja kina senti 12 na muhuri wa duara juu ya jalada: Spider-Man nambari 50, Spider-Man amegeuza mgongo anaondoka. Majani 16 yapo, karatasi ya katikati imeachia pini moja. Pini zina kutu, ni zile za zamani.

Na chini, kama mlivyosema, zilikuwa zimetandikwa. Spear 14.

#25 Mtoto wa Eastlands, Nairobi

KUMI NA NNE???

#26 Kipimo cha Owino

Nyabo, ile laki tano niliyosema, ilikuwa salamu tu. Milioni moja na laki mbili.

#27 Mkasi wa Nasser, Kampala

Dada, hongera, umefanya kazi kuliko wanunuzi wengi ninaowajua. Nakuandikia hadharani ili Kipimo asome.

Commando: vijitabu hivyo vimetoka tangu 1961 na bado vinatoka, vya mwishoni mwa 60 na vya 70 Uingereza vinauzwa pauni chache. Zile 22 zenye jalada natoa 6,000 kila moja, zisizo na jalada wape watoto, watafurahi. Nambari za mwanzo kabisa ni habari nyingine, kwa hiyo nitumie nambari zote kwanza. Vya pensi saba, inategemea ni nambari zipi, sitaji bei bila kuviona.

Spider-Man 50 ni ya Julai 1967, humo ndimo Kingpin anatokea mara ya kwanza. Hata ikiwa imechoka hivyo, nje inazidi dola 100. Usirudishe ile karatasi ya katikati kwa gundi. Usiirudishe kwa chochote.

Spear simo, sina ujuzi wa kutosha kuzitolea bei ya haki. Muulize Eastlands, na umuulize na mwingine mmoja asiye Eastlands.

#28 Mtoto wa Eastlands, Nairobi

Sawa tu, haki yake. Binti, nakuja na basi la usiku kupitia Busia, Ijumaa natoka, Jumamosi asubuhi niko Kampala. Nitatazama zote 14 mbele yako, ukurasa kwa ukurasa, na huyo mwingine akiwepo.

#29 Mjukuu wa Main Street, Jinja

Jina lililo kwenye zile nne si la kwetu. Nimeliuliza Leicester, mama mmoja anasema anamjua dada yake. Nangoja. Binti, tafadhali hizo nne ziweke kando.

#30 Binti wa Bombo

Zimewekwa kando. Jumamosi saa nne karibuni nyote, Mkasi, Eastlands na mzee Kipimo pia, mnashuka kwenye taksi za Bombo, mkiuliza nyumba ya karani wa reli kila mtu anaijua. Meza ipo dirishani. Mama amesema Spear moja haiuzwi, ile ambayo babu ameandika pembeni hesabu ya mahari yake. Sanduku nimelipandisha juu ya matofali, mvua imeanza tena.